Benchi la Magonjwa

Kila Jumatatu asubuhi, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, Mwelezaji alifuta vumbi kwenye viti vya chumba cha mikutano cha kliniki ya chuo kikuu, akafungua madirisha, kisha akaweka mezani makopo mawili ya bati yaliyofanana kama shilingi kwa ya pili. Kando ya makopo aliweka sarafu moja. Hivyo ndivyo vilikuwa vifaa vyake vyote vya kazi, ukiacha ulimi.

Chuo kilikuwa na madaktari wa kutibu, maprofesa wa kutafiti na mtakwimu wa kukokotoa, na wote hao walisema lugha iliyomfanya mgonjwa aitikie "ndiyo" ili tu wanyamaze. Kwa hiyo waliajiri mtu wa kuyachukua maneno yao na kuyarudisha kwa watu yakiwa yamechambuliwa kama mchele. Mwelezaji aliifanya kazi hiyo vizuri. Hakuwahi kumwona mtu mjinga. Aliona watu waliochoka na maneno yaliyovimba.

"Kopo hili lina dawa mpya ya mikono inayotetemeka," aliwaambia wagonjwa waliokuja kujiandikisha. "Hili jingine lina vidonge vya rangi ileile na ukubwa uleule, ila ndani ni unga usio na nguvu yoyote. Tutarusha sarafu. Itakavyoanguka ndivyo utakavyopewa. Wewe hutajua umepewa kipi, na daktari naye hatajua."

"Daktari asijue? Daktari gani huyo?" hakukosekana mtu wa kuuliza.

"Anayejua hutamani, na anayetamani huona hata kisichokuwepo. Tunataka aone kilichopo tu."

Watu walitikisa vichwa, wakaona ina maana. Kisha aliwaeleza habari za kutolewa damu, habari za kichefuchefu, na kwamba mtu ana ruhusa ya kujitoa siku yoyote bila kununiwa. Mwisho kabisa alisema: utafiti ukiisha, dawa nayo inaisha. Sentensi hiyo aliisema haraka kidogo kuliko nyingine.

Sababu ya haraka hiyo ilikuwa mama yake mdogo. Huyo ndiye aliyemlea Mwelezaji tangu mama mzazi alipofariki, akamsomesha kwa cherehani, na kila maelezo mapya yalisikilizwa kwanza naye sebuleni, kwa kuwa kanuni ya chuo ilitaka maelezo yajaribiwe kwa mtu asiye wa chuo. Mama mdogo alikuwa fundi wa nguo wa kusifika, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka akaifunika cherehani kitambaa, mkasi akaufungia kabatini. Alisikiliza maelezo kama anayekagua mshono.

"Yote yamekaa sawa," alisema siku aliposomewa maelezo ya dawa hii. "Ila hapo mwishoni pitisha haraka, mwanangu. Mtu hata kidonge hajaonja, unamwambia habari za kunyang'anywa! Ni sawa na kumpima bi harusi gauni huku unamtajia talaka."

Mwelezaji alicheka, na sentensi ikawa inapita haraka. Kamati ya maadili iliyasikiliza maelezo, ikayasifu kwa wepesi wake, ikayapitisha. Mama mdogo naye akaja kliniki Jumatatu moja, akakaa kiti cha mbele akiwa ameikumbatia mikono yake isimwaibishe, akaelezwa kama walivyoelezwa wenzake. Alipoulizwa kama ameelewa alisema ameelewa. Wote walisema wameelewa, na hawakusema uongo.

Wiki chache baadaye bawabu wa kliniki alikuja ofisini akalalamika kwamba kuna mtu amekaa chini langoni na hana kadi. Mwelezaji alitoka kumwangalia. Hakuwa mtu, ulikuwa ugonjwa wa mwashi mmoja aliyekuwa ndani akipimwa. Ulifanana naye sura na kimo, ila ulikuwa mwembamba zaidi, na mikono yake ilitetemeka magotini bila kupumzika.

"Nimekuja naye kama siku zote," ugonjwa ulieleza, "lakini leo nimeshindwa kukaa ndani yake. Nikaona nisubiri hapa."

Bawabu alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema langoni hapakaliwi, akaenda kantini akaleta benchi, akaliweka chini ya ukuta upande wa kivuli. Juma lililofuata magonjwa mengine yalikuja kuketi, kila mmoja na sura ya mgonjwa wake. Yalikuwa na adabu. Yalisogeleana kumpisha mgeni, hayakutupa takataka, na kantini ilipofunga yalilala palepale, yakiegemeana. Bawabu alikiri kwamba katika miaka yake yote langoni hajapata kukutana na wasubirio wenye subira kama wale.

Tatizo lilikuwa la kisayansi. Aliyepewa dawa, ugonjwa wake ulibaki benchini. Aliyepewa unga, ugonjwa wake uliingia naye ndani vilevile ulivyozoea, mikononi mwake, wala haukuonekana. Kwa hiyo yeyote aliyepita langoni alijua nani kapata kopo lipi. Profesa aliyeongoza utafiti aliitisha kikao. Alikuwa mtu mpole, wa kuuomba radhi hata mlango alioufunga kwa nguvu, na siku hiyo alikuwa na wasiwasi wa kweli. Iliamuliwa kwamba madaktari, wauguzi na mtakwimu wapitie lango la jikoni, na wagonjwa waagizwe wasitazame benchi. Tangu hapo wagonjwa waliingia kliniki wakiwa wameinua nyuso juu kama wanaotafuta dalili za mvua, na sayansi ikasalimika. Kanuni hiyo ilimsahau Mwelezaji, kwa sababu hakuna aliyemhesabu miongoni mwa wanasayansi. Yeye aliendelea kupita lango kubwa.

Ugonjwa wa mama mdogo ulikuwa mwanamke mfupi aliyejifunga kilemba kama chake, wa kukaa pembeni kabisa mwa benchi ili asimbane mtu.

"Hujambo?" Mwelezaji aliusalimu kila asubuhi, maana kutosalimu ni utovu wa adabu.

"Sijambo, mwanangu. Mwenyewe anaendeleaje?"

"Anashona."

"Vizuri. Ana mkono mzuri yule. Nimekaa ndani yake, naujua."

Na kweli alikuwa anashona. Mwelezaji alikuwepo siku kitambaa kilipoondolewa kwenye cherehani. Mama mdogo aliilamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu. Akauchomoa. Akaupitisha tena. Alirudia mchezo huo mpaka Mwelezaji akaanza kucheka, halafu wote wawili wakajikuta wanalia, sindano ikiwa katikati yao na uzi umening'inia. Katika maisha yake Mwelezaji hakuwahi kujivunia kazi yake kama alivyojivunia siku hiyo.

Wateja walirudi. Walikuja kwanza na viraka, kwa kupima, kisha na sare za shule, kisha na vitambaa vya thamani. Mwishoni mwa mwaka wa pili jirani alimletea kitambaa cheupe cha gauni la harusi la binti yake, na shanga ndogo za kushonewa kifuani moja moja kwa mkono. Mama mdogo alipokea kazi hiyo kwa utulivu, lakini mgeni alipotoka alikaa kitako sakafuni akakitandaza kitambaa mapajani na kukipapasa kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo nitakayokumbukwa nayo," alisema.

Basi mwezi uliofuata Profesa alimwita Mwelezaji ofisini, uso umemng'aa. Hesabu zilikuwa zimekamilika, na matokeo yalikuwa mazuri kuliko alivyothubutu kuomba. Dawa ilifanya kazi. Ilifanya kazi kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuendelea kupima.

"Kwa hiyo tunafunga," alisema. "Nakuomba uwatayarishie maelezo ya kufunga. Mepesi, kama kawaida yako."

"Na dawa?"

"Itaingia sokoni. Si mara moja. Mambo haya yana hatua zake. Na kusema kweli bei yake mwanzoni haitakuwa ya watu kama hawa." Alivua miwani akaifuta. "Tuliwaambia tangu mwanzo, au siyo? Wewe mwenyewe ndiye uliyewaeleza."

"Niliwaeleza."

"Basi hatujamdanganya mtu."

Hilo lilikuwa kweli. Mwelezaji alitoka, akaenda moja kwa moja benchini, akaketi kando ya ugonjwa wa mama yake mdogo. Yapo mambo ambayo ukiyakosa kwa mkubwa huna budi kuyaomba kwa mdogo.

"Nimekuja kukuomba," alisema. "Usirudi. Ana gauni la watu mkononi. Na hata asingekuwa nalo, ndiye niliyebaki naye."

Ugonjwa ulimsikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilipapatika mapajani, naye akaona unajaribu kuizuia kwa heshima yake, ukashindwa.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi," ulisema. "Hapa nimetulia. Kuna kivuli, kuna wenzangu. Waliponitoa nilitoka, na wakiniambia nisubiri mwaka mwingine nitasubiri. Hata kumi. Wasinifungulie mlango tu. Ukifunguliwa nitaingia, maana ndivyo nilivyo, kama maji."

"Kwa hiyo uko tayari kukaa?"

"Niko tayari. Waulize na hawa."

Magonjwa mengine yaliitikia kwa vichwa. Ugonjwa wa mwashi ulisema hata benchi lenyewe sasa limeshaumbika kufuata maungo yao.

Mwelezaji alirudi kwa Profesa kwa haraka ambayo hakuwahi kuwa nayo katika korido zile. Alimwambia kwamba magonjwa yamekubali kusubiri, bila sharti, na kwamba kinachotakiwa ni watu waendelee kupewa kidonge tu. Profesa aliguswa. Alisimama, akasogea dirishani, na kwa kuwa hesabu zilikuwa zimekamilika na hakuwa akikatazwa tena, kwa mara ya kwanza alilitazama benchi.

"Ni waungwana sana," alisema taratibu. "Sikutegemea." Mwelezaji akaona matumaini yanamtekenya moyoni. "Lakini benchi lile linahitajika, unajua. Mwezi ujao tunaanza utafiti wa mapafu."

Siku ya kufunga chumba kilijaa. Waliopata dawa walikaa pamoja na waliopata unga, kwani sasa kila mtu alikuwa ameruhusiwa kujua na hapakuwa tena na cha kujua. Mwelezaji hakuleta makopo. Alisimama mikono mitupu, akawaambia kwamba dawa imethibitika, kwamba chuo kinawashukuru, na kwamba kuanzia siku hiyo haitatolewa tena. Hii hakuisema haraka.

Mwashi aliinua mkono, mkono wake mpana uliotulia tuli hewani.

"Naomba kuelewa vizuri, dada. Dawa inafanya kazi?"

"Inafanya kazi."

"Na ndiyo sababu mnaiacha?"

"Mlipewa ili tujue," Mwelezaji alisema. "Sasa tumeshajua."

Mwashi alitafakari. Hakukasirika, alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kujenga ukuta, akaoneshwa kuwa umejengwa upande wa pili wa mpaka. "Ulituambia," alisema mwishowe. "Nakumbuka ulituambia. Mimi nilidhani ni maneno tu ya kumalizia mkutano. Sikudhani kuna mtu anayeweza kumponya mwenzake halafu amwambie asante, rudi ulikokuwa."

"Hata mimi," alisema mama mdogo kutoka kiti cha mbele, na watu kadhaa wakaguna kukubali. Ilikuwa imeeleweka siku zote, sentensi ile. Haikuwa imeaminika tu.

Walitoka kwa utulivu. Langoni magonjwa yalikuwa yamesimama, yamekung'uta nguo, kila mmoja ukimtafuta mwenyewe kwa macho. Bawabu alisimama kando akavua kofia. Hapakuwa na aliyekimbia. Mwashi alisalimiana na wake, na kabla salamu haijaisha ulikuwa umekwisha kuingia, na funguo zikamdondoka. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alipata kopo la unga na ambaye wake haukuwahi kutoka hata siku moja, ndiye aliyeziokota kwa mikono yake inayotetemeka. Akamwonesha namna ya kuzishika kwa kiganja kizima badala ya vidole. Yeye alikuwa ameshazoea.

Mama mdogo aliutazama wake. Ulikuwa umeinamisha kichwa.

"Naona haya," ulisema.

"Haya ya nini? Twende nyumbani," mama mdogo aliujibu. "Ila njiani usiniingie, nitembee vizuri. Utaingia tukifika."

Ukakubali. Wakatembea watatu, Mwelezaji katikati, wakapita sokoni wakanunua vitunguu, na mama mdogo mwenyewe ndiye aliyevichagua kimoja kimoja kwa vidole vya fundi. Walipofika alivua viatu, ugonjwa nao ukavua vyake, akaukaribisha kiti.

"Mgeni siku mbili," alisema kwa mzaha, "ya tatu mpe jembe. Lakini huyu nikimpa jembe atajikata mguu." Mwelezaji alitaka kucheka ili amridhishe, akashindwa.

Gauni lilikuwa limebaki kifua tu. Mama mdogo alijitahidi kwa siku kadhaa, akiibana mikono kwenye ukingo wa meza, akisubiri tetemeko lipungue kati ya shanga moja na nyingine. Siku alipojichoma, doa dogo jekundu likaingia kwenye kitambaa cheupe. Alilitoa doa kwa maji baridi na chumvi, akalikunja gauni vizuri, akalipeleka mwenyewe kwa fundi wa upande wa pili wa barabara. Huyo alilimaliza kwa mishono mipana, na shanga akazishona kwa makundi. Harusini watu walilisifu. Bi harusi alikuja kumshukuru mama mdogo akamkumbatia, naye akamwambia limempendeza, na jioni hiyo alikwenda kulala mapema akiwa ameuelekea ukuta.

Benchi lilipakwa rangi mpya. Jumatatu ya utafiti wa mapafu Mwelezaji alifuta viti, akapanga makopo. Waliokuja walipumua kwa shida, vifua vikipiga filimbi, na wengine walikuwa wamepumzika mara nyingi njiani kutoka langoni. Aliwaeleza sarafu, akawaeleza unga, akawaeleza damu. Alipofika mwishoni alivuta kiti akaketi mbele yao, usawa wa macho yao.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Sisemi haya ili kumaliza mkutano. Dawa ikifanya kazi mtapumua. Mtapanda ngazi, mtalala chali, mtaimba. Halafu tutakapokuwa tumejua tulichotaka kujua, tutaiondoa. Kifua kitarudi hivihivi kilivyo sasa. Tutafanya hivyo kweli. Tumeshafanya. Mama yangu aliyenilea tumemfanyia."

Vifua viliendelea kupiga miluzi. Alisubiri. Alitaka, kwa moyo wake wote, angalau mmoja asimame atukane, apige meza, atoke.

Mzee mmoja mchuuzi wa mitumba, aliyekaa karibu na dirisha kwa ajili ya hewa, ndiye aliyezungumza. Ilimbidi akusanye pumzi kwanza.

"Ni muda gani... kabla ya kuiondoa?"

"Kama miaka miwili. Kwa atakayepata kopo la dawa."

"Miaka miwili." Mzee aliwageukia wenzake, wakatazamana. "Si haba," alisema, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Wakafuata wengine wote, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyesukumwa.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Mama mdogo alikuwa mezani na kikombe cha chai mbele yake, akingoja kipoe, kwa kuwa chai ya moto sasa ilikuwa hatari.

"Uliwaambia?" aliuliza.

"Niliwaambia. Polepole kabisa. Hata wewe nilikutaja."

"Wakaelewa?"

"Wakaelewa. Wakaamini."

"Wangapi wamekataa?"

Mwelezaji alitingisha kichwa kuwa hakuna. Mama mdogo alipigapiga meza kwa vidole ambavyo hakuvituma.

"Hata mimi ungeniambia polepole, ningekubali," alisema. "Usijitese, mwanangu. Mtu anayezama hamuulizi wa kamba ataishika mpaka lini."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma."

Mama mdogo alikishika kikombe kwa mikono yote miwili akakiinua. Kilifika nusu ya safari, ugonjwa ukatikisika ndani yake kama ilivyo desturi yake, na chai ikamwagikia mezani. Mwelezaji alileta kitambaa akapangusa. Kisha akajaza kikombe tena, nusu tu, akakishika pamoja naye mpaka kikafika mdomoni.